Nyumba Imesogea Kidogo

Garsen,
Jumapili, 9 Novemba 1997

Mwanangu Iha,

Umekula? Naanza na hilo kwa sababu kila barua yako unaniambia umepata sabuni, umepata mafuta ya kupaka magurudumu, hujawahi hata mara moja kuniambia umepata mboga.

Sisi huku tu wazima. Kuku mweusi ametotoa. Kile kikohozi changu kimehama, sasa kiko kwa jirani yetu Huka, yule Muorma wa ng'ombe, na ananitazama kama niliyemtumia. Mvua imeanza, na ni mvua isiyopumzika hata kunywa chai.

Sasa jambo lenyewe. Mzee Kaviha alikuja Alhamisi. Hakukaa. Aliizunguka nyumba yako na fimbo yake akigonga kuta kama mtu anayechagua nazi. Udongo bado mbichi upande wa mto, akaona. Mlango wa mbao ule wa buluu ulionunua Malindi umempendeza. Aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mpaka nikazihurumia bawaba. Kisha akaniambia, "Mkwe, mbuzi nimepokea, mnazi nimekunywa, sina neno. Lakini Josephine hatoki kwangu mpaka nyumba iwe imekwisha nami nimeingia nikaiona. Kila siku nasikia kijana ana kazi ya reli. Binti yangu hawezi kulala ndani ya reli."

Amesema atangoja mpaka mavuno ya mwaka ujao. Baada ya hapo hasemi atafanya nini, ila alitaja bila kuulizwa yule mwalimu anayefundisha Kulesa, kwamba ni mtu wa adabu na haendi mbali. Mwanangu, mimi sijui kwa nini mtu amtaje mwalimu wakati anaagana. Nimekesha na hilo.

Kula.

Mama yako


Shamba la mkonge, Kilifi
23 Novemba 1997

Mama mpendwa, shikamoo.

Nimekula. Nimekula samaki na mchicha, na juzi nyama. Nimeandika nyama ili upate usingizi.

Mwambie Huka pole. Mwambie Mzee Kaviha nyumba itakwisha, nikipata likizo nitakuja nipige lipu ya pili upande wa mto. Ndani ya kifurushi hiki kuna kufuli. Ni la mlango ule. Lifunge, ufunguo ukae nao wewe, ili mzee akija tena aone nyumba ya mtu mzima.

Kazi ipo. Siku hizi tunahesabu mabehewa. Unajua reli yetu ni ile nyembamba ya kubebea mkonge tu, haina abiria. Nyuma ya karakana kuna banda refu lina mabehewa ya mizigo yaliyoletwa wakati wa vita vya Hitla, jeshi lilipotaka kamba nyingi na mkonge ukatakiwa kama chakula. Waliyaleta mengi kuliko mkonge wenyewe. Kisha vita vikaisha, yakabaki. Mengine hayajabeba kitu tangu yazaliwe. Yamekaa pale na namba zao za rangi nyeupe tangu wewe ukiwa bado hujaolewa. Sasa msimamizi ametaka yahesabiwe yote. Hakusema kwa nini.

Je, ile mvua imepumzika? Na nyumba, inaonaje mvua?

Mwanao,
Iha


Garsen,
11 Januari 1998

Mwanangu Iha,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana. Imelowa na wino umekimbia pembeni, lakini neno nyama limesomeka vizuri. Nimeshukuru.

Heri ya mwaka mpya. Mimi, Huka na watu wengi tuko huku juu shuleni, tunapunga upepo kidogo. Mto umepanda. Chakula kinaletwa na ndege, na unga wenyewe ni wa njano, ukisonga ugali unafikiri umeponda malenge. Huka amehamisha ng'ombe wake mapema, maana wao huyasikia maji kabla hayajafika, na amenibebea kitanda. Mzee Kaviha na watu wake wako darasa la pili. Mimi wamenipa darasa la tatu. Ndilo nililoachia shule, kwa hivyo nimejiona nimerudi kumalizia.

Josephine ananiletea kuni kila asubuhi. Mwalimu naye yuko hapa. Amempa Josephine kiti cha kukalia. Nimemwambia Josephine kukaa chini ndiyo dawa ya mgongo.

Umeuliza nyumba. Nyumba yako imesogea kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Kufuli nimelipata, ni zuri, zito. Kwa sasa linafunga tenga la kuku, kwa sababu hapa shuleni kuku wangu wamepata marafiki wengi kuliko mimi. Ufunguo ninao shingoni.

Usije. Mabasi hayapiti, na anayekuja na mtumbwi anakuja na roho yake mkononi. Kaa huko uhesabu mabehewa.

Mama yako


Kilifi
1 Machi 1998

Mama, shikamoo.

Nashukuru Mungu mko salama. Barua yako ya Januari nimeipata juzi, Abdirizak wa lori la ng'ombe ndiye aliyeileta, maana posta walikuwa hawajui lini.

Nimekula.

Mama, nyumba husogea vipi? Nimeisoma sentensi ile mpaka karatasi imelegea pale ilipokunjwa. Imesogea kuelekea wapi? Na mlango umesogea nayo? Nimemuuliza Abdirizak, akacheka, akasema hayo ni mambo ya mtu na mama yake.

Kazini ni sawa. Tumepewa mapumziko. Ni mapumziko mazuri, marefu. Na kila mmoja wetu amepewa behewa moja katika yale ya vita, kama shukrani, ukiweza kuliondoa ni lako. Wenzangu wanayakatakata wakauze chuma. La kwangu bado zima. Ni la kufunikwa, kuta za mbao, paa la bati nene la zamani. Nimelala ndani yake mvua yote hii, halijavuja hata tone.

Josephine anakaa chini au anakaa kwenye kiti?

Mwanao,
Iha


Garsen,
22 Machi 1998

Mwanangu Iha,

Marahaba. Kikohozi kimerudi kwangu, Huka amepona. Kuku wamebaki wanne. Tumeshuka kutoka shuleni, ila mimi sikurudi mtoni, chifu ametupa viwanja huku juu karibu na barabara, mimi na Huka na wengine. Nimejengewa kibanda cha makuti, kinanitosha.

Kijana mwenye kazi hawezi kulala ndani ya behewa. Siulizi. Nimeandika tu ujue kwamba siulizi.

Nyumba ilisogea kuelekea baharini. Watu wa mitumbwi waliliona paa lake likipita Kau, jogoo wa mtu amesimama juu, ametulia kabisa kama mwenye nauli. Baada ya Kau hawakuliona tena. Mlango wenyewe ulikwenda mpaka Ozi. Kuna mzee huko aliuokota akautandika juu ya magogo, sasa anauzia samaki. Wanasema haujapasuka. Nimepeleka salamu.

Sikukuandikia hayo mapema kwa sababu ungekuja, na mto ulikuwa bado unameza watu.

Sasa hilo behewa. Umesema halivuji. Mwanangu, lilete.

Nimekwisha kusema kwa Mzee Kaviha, sikuweza kungoja, maana mwalimu ameshaezeka mabati mapya na mzee amekwenda kuyagonga kwa fimbo. Nikamwambia nyumba ya Iha inakuja kwa lori. Akanitazama kama unavyotazama saa iliyosimama. Akasema, "Mkwe, nyumba hujengwa. Haiji." Nikamwambia mkwe, mwaka huu tumeziona zikiondoka, kwa nini isije hata moja?

Akashika fimbo yake akaondoka. Kwake kuondoka bila kubisha ni nusu ya kukubali. Lakini mahindi yamepandwa, Iha, na mavuno hayamngoji mtu.

Mama yako


Kilifi
26 Aprili 1998

Mama, shikamoo.

Pole na nyumba. Nimecheka habari ya jogoo, kisha nikaisoma tena habari ya mlango.

Behewa linakuja. Abdirizak akishusha mafahali wa kina Huka Mombasa hurudi na lori tupu. Nimemwomba, amekubali, anasema afadhali behewa, halinyi njiani. Wenzangu watanisaidia kulipandisha, winchi ya karakana bado ipo kwa wiki chache.

Usitegemee jumba. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono, karibu uguse kuta zote mbili. Kwa urefu linaingia kitanda, sanduku, na mtu mwembamba. Sehemu nyingine tutaongeza kwa matope na makuti ubavuni, hilo liwe chumba cha kulala. Mlango halina, wake wa kusukuma mtu alishauchukua.

Magurudumu sikuyatoa. Sasa sikiliza Mama, hili ni la muhimu kuliko yote, mwite na Huka asikie. Wakati wa kulishusha, wekeni mawe makubwa mbele ya magurudumu KABLA hamjafungua kamba. Limekaa miaka hamsini, lakini mimi nimelipaka mafuta. Sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Mimi sitakuja nalo. Nina mambo ya kumalizia huku.

Josephine nimempelekea salamu kwa Abdirizak. Usimwambie nimeuliza.

Mwanao,
Iha


Garsen,
31 Mei 1998

Mwanangu Iha,

Marahaba. Barua yako ya mawe imefika siku tatu baada ya behewa. Abdirizak alikuwa ameisahau kwenye shati lake jingine.

Tu wazima. Hakuna aliyekufa. Nimetanguliza hilo.

Lilifika Jumatano saa nne. Lori lilisimama juu ya tuta la barabara, watu wakatoka kila mahali, mpaka soko likabaki na mbuzi. Wengi hawajawahi kuona kitu cha reli. Mzee mmoja alimuuliza Abdirizak kichwa chake kiko wapi. Vijana wakaweka magogo mawili, wakalishusha kwa kamba, polepole, vizuri kabisa, mimi nikiwa nimeshika kichwa. Likatua chini. Likakaa. Watu wakashangilia. Mzee Kaviha akakohoa ile ya kuanza kusema. Ndipo Abdirizak akafungua kamba.

Iha, mafuta yako ni mazuri.

Halikupiga kelele hata. Lilianza kama mtu anayeondoka kwenye kikao akitumaini haonekani. Huka ndiye aliyeona kwanza, akapiga ukelele wa kufukuzia ng'ombe, maana ndio alionao. Likashuka tuta, likapita katikati ya ndama wake, ndama wakagawanyika huku na huku, likapita kwenye mihogo ya watu, likapanda kile kilima kidogo cha nyuma ya kibanda changu, likafika juu, likafikiri. Nikasema sasa linarudi. Halikurudi. Lilididimia hapo hapo mpaka kwenye ekseli, likasimama wima, limetazama mto. Na kilima hicho, usinicheke, kimo ndani ya kiwanja changu.

Nikamwambia Mzee Kaviha, unaona, limejichagulia. Alikuwa amepanda juu ya gunia la mtu. Alishuka, akajipangusa, akaniambia mbele ya watu wote, "Mkwe, nyumba yenye magurudumu si nyumba, ni safari. Binti yangu atalala Garsen aamke Witu."

Anataka magurudumu yatolewe. Mimi nimekataa. Nimeshaona nyumba isiyo na magurudumu ikienda, hii ikienda angalau iende vizuri. Tumebishana mpaka jua likawa kali. Akaondoka, na njia aliyoshika ni ile ya kwa mwalimu.

Usiku sikula. Asubuhi nikamkuta Huka amekuja na ukanda wa ngozi, ule wanaomfunga nao ng'ombe mwenye mateke wakati wa kumkama. Amelifunga behewa miguu ya nyuma. Gurudumu na gurudumu, fundo la Kiorma, kisha kamba nyingine mpaka kwenye kisiki. Nikamwambia Huka, si limeshadidimia? Akasema, "Mama Iha, huyo mzee ameliona likikimbia. Aliyeona mnyama akikimbia haamini udongo, anaamini kamba."

Sasa tunangoja mzee apite aone. Hajapita.

Na Abdirizak amesema jambo sokoni, kuhusu karakana. Mimi sikusikia. Nilikuwa nauza mayai.

Mama yako


Kilifi
21 Juni 1998

Mama, shikamoo.

Basi umeshasikia. Karakana imefungwa tangu Februari. Reli nayo wameing'oa, mkonge unabebwa na matrekta. Nimekuwa nikibeba mawe kwa siku hapa Kilifi. Sikutaka uandike tena kwamba huulizi.

Nilitaka nikija nije na kitu. Nyumba imekwenda baharini, kazi imekwenda, na behewa nasikia nusura liue ndama. Sasa niingie Garsen na nini? Mzee Kaviha anigonge mimi kwa fimbo asikie kama ndani kuna kitu?

Kama Josephine amekubali kiti, usinifiche. Afadhali nijue.

Msalimie Huka. Mwambie ukanda wake nitamlipia.

Iha


Garsen,
12 Julai 1998

Mwanangu Iha,

Marahaba. Nimekula, na wewe ule, hata kama ni mawe unabeba, hasa kama ni mawe.

Nilijua tangu uliposema mapumziko. Baba yako Mwaringa, Mungu amrehemu, naye aliwahi kupewa mapumziko, na ni mimi niliyekuwa napika. Huyo hatumsemi.

Sasa sikiliza yaliyotokea, kwa mpangilio.

Mlango umerudi. Yule mzee wa Ozi hakutaka kuutoa, anasema wateja wameuzoea. Nikampelekea pipa tupu na mbao za kutandika juu yake, akakubali. Umepanda mtumbwi mpaka Kau, kutoka hapo ukaja na watu wa ndizi. Rangi imebaki upande mmoja. Na unanuka, sikufichi, paka wote wa sehemu hii wamehamia kwangu. Fundi ameupunguza kidogo, ameutia kwenye behewa na bawaba mpya. Ubavuni tumesimamisha miti na makuti, tayari kuna mahali pa kukaa.

Juzi Ijumaa Mzee Kaviha akapita. Alijifanya anatafuta mbuzi. Aliona ule ukanda wa Huka, akainama, akauvuta mara mbili kwa nguvu zake zote. Fundo halikusema kitu. Akaona mlango, akaujua. Akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Nikamwacha. Kisha akagonga ukuta kwa fimbo, mbao tupu, imara, akagonga fremu, chuma kikalia kama kengele ya kanisa, na Huka huko kwake akasimama akidhani ni Jumapili yetu imeletwa mapema.

Mzee akasema, "Ngoja niingie nione kama binadamu anaweza kujinyoosha humu." Nilikuwa nimetia kitanda changu na mkeka. Akaingia na fimbo yake, akajinyoosha. Nikamsikia anageuka upande mmoja, anageuka wa pili. Kisha sikusikia tena. Mvua ikaja, ile nene ya Julai isiyotarajiwa. Mimi na Josephine, maana alikuwa amekuja na kuni, tukakaa chini ya makuti tukisikiliza bati, na chini ya bati tukasikia mkoromo.

Josephine alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mwambie kile kiti nilikirudisha Januari ileile. Kilikuwa na mguu mbovu, na mwenyewe anaongea sana."

Mzee alitoka alasiri. Shavu lake lina alama ya mkeka. Mvua imelowesha Garsen nzima, yeye mkavu. Alisimama pale mlangoni akitazama mto muda mrefu, nami nahesabu siku, maana mahindi yameshakauka shambani. Akasema, "Mkwe, huyo kijana mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema yuko Kilifi, ana mambo ya kumalizia.

Akasema, "Mambo gani? Karakana imefungwa, Garsen yote inajua. Mtu akipaka mafuta gurudumu la wakati wa Hitla likakimbia vile, anabeba mawe kwa nini? Mashine yangu ya kusaga imekaa kimya tangu mafuriko. Mwambie aje aiguse. Na harusi ni baada ya mavuno kama nilivyosema, mimi sibadilishi maneno." Kisha akaondoka, na njia aliyoshika ni ya nyumbani kwake.

Huka anasema ukanda haulipiwi. Anataka mafuta kidogo ya aina ile, lakini hasemi ya nini, na mimi nimemkataza kuyapaka kitu chochote chenye miguu.

Sasa kufuli. Nimelitoa kwenye tenga la kuku, nimelisugua, nimelifunga mlangoni kama ulivyoagiza mwaka jana. Linakaa vizuri, kama lilizaliwa hapo. Ufunguo niliokuwa nao shingoni nimeuvua, nimeushonea kwenye kitambaa, ndio huo ndani ya barua hii, uguse utausikia. Huku hakuna ufunguo mwingine. Sasa mimi siwezi kuingia, Josephine hawezi kuingia, na paka hawawezi kuingia, wamebaki nje wakilia.

Abdirizak ndiye amebeba barua hii, na Jumatano anarudi huku na lori tupu. Panda.

Na ufanye haraka, mwanangu, maana Mzee Kaviha amesahau fimbo yake ndani.

Mama yako